Watu Themanini Wenye Soksi za Sufu

Skarvøya, 14 Aprili 1996

Kwa Gaute Fimreite wa bendi ya Våt Ull, Bergen

Gaute,

Wewe hunijui, mimi nakujua. Usishtuke, si kwa ubaya. Naitwa Ragnfrid Hamnes, nina miaka hamsini na minne, nafunga samaki kwenye maboksi katika kiwanda cha kisiwa hiki, na santuri yenu imezunguka kwenye mashine yangu mpaka sindano imeijua njia yenyewe.

Kiwandani tunavaa vikombe vikubwa vya kuzuia kelele masikioni. Wenzangu ndani ya vikombe vyao wana utulivu, mimi ndani ya vyangu nina bendi. Nimepitisha waya wa redio ndogo ya kaseti chini ya kofia. Msimamizi akiniona natikisa kichwa anadhani shingo inaniuma. Nimewafuata vijana wa gitaa wa nchi hii tangu bendi ya Grå Mandag walipokuwa wakirekodi chooni kwa sababu ndiko kulikokuwa na mwangwi. Santuri za Kaldt Kjøkken ninazo zote, hata ile iliyotoka nakala mia mbili tu, na majalada yake wakayachora kwa mkono. Mwaka juzi nilipanda feri mbili na basi la saa saba kwenda Bodø kuwasikia Fjæra. Walipiga dakika arobaini, wakaenda zao. Nilirudi nyumbani nimechangamka hadi watu wakaniuliza kama nimepata mchumba. Marehemu mume wangu, Torleif, alikuwa akisema, "Wewe Ragnfrid ungezaliwa mjini ungeshakuwa kiziwi zamani."

Lakini nyinyi mmenikamata kweli. Kwanza mnaimba kwa lugha ya kwenu Sogn, si kwa Kiingereza cha kuazima. Pili, gitaa lenu halina haraka ya kwenda popote. Na ule wimbo wa nne, gitaa linaponyamaza ikabaki sauti yako na kitu kinachogongagonga kwa mbali, nadhani ni bomba la joto la studio. Siku ya kwanza kuusikia nilibaki nimeshika boksi la samaki hewani. Nikafokewa. Sikujali.

Sasa neno lililonileta. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya muziki ya kijiji. Kamati ina mtu mmoja. Nimesoma kwenye kijarida kwamba Juni mtapita kaskazini. Njooni kwetu Jumamosi tarehe nane. Tuna ukumbi, tuna jukwaa, tuna vitanda na supu ya samaki. Nimesoma pia mahojiano yako, ulivyoshuka jukwaani Oslo kwa sababu watu walipiga soga juu ya wimbo ule wa nne. Iliniuma kama waliyemkatiza ni mimi. Hapa haitatokea. Nakuahidi.

Wako,
Ragnfrid Hamnes


Bergen, 2 Mei 1996

Mama Ragnfrid,

Barua yako tumeisoma kwa sauti kwenye chumba cha mazoezi, mara mbili. Synnøve, mpiga besi wetu, ameibandika ukutani, na tangu hapo Tarjei akikosea mdundo tunamwambia, "Angalia, Mama wa Skarvøya anakusikia." Ile inayogongagonga si bomba. Ni Tarjei mwenyewe, mpiga ngoma wetu, alikuwa akijipiga gotini kwa kijiko cha supu. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuisikia. Mwandishi wa gazeti moja aliandika kwamba wimbo huo "hauna ngoma kabisa."

Tutakuja. Tumekubaliana sote.

Lile la Oslo sijivunii. Nilikuwa na homa, na hasira. Lakini nisikufiche, ni kidonda changu. Nikianza kuimba polepole halafu nikasikia mtu nyuma anaagiza bia, najiona mjinga mbele za watu.

Tumemaliza kurekodi santuri ya pili, nyimbo tisa, bado kusafishwa tu. Hakuna aliyezisikia. Tumeamua tuzipige kwenu kwanza, zote tisa, kabla hazijafika kwa mtu mwingine yeyote. Nadhani mtu aliyebaki na boksi la samaki hewani ndiye wa kuanza naye.

Kwa heshima,
Gaute

Nimesahau: Tarjei hali samaki. Anaomba radhi kwa kisiwa kizima.


Skarvøya, 19 Mei 1996

Gaute,

Hebu acha hiyo Mama. Hapa hata mchungaji tunamwita kwa jina lake. Mwambie Tarjei amesamehewa, atapewa vafler moto, chapati tamu za kwetu, na jibini ya kahawia mpaka aombe samaki mwenyewe.

Nyimbo tisa ambazo hakuna aliyezisikia! Nimezunguka na barua yako mfukoni mwa aproni siku nne, sasa inanuka chewa.

Jana tulikuwa na msaragambo wa masika. Watu wamefagia ukumbi, wameosha madirisha, wamepaka jukwaa rangi. Målfrid Nordeng, msimamizi wa ukumbi, ana miaka sabini na moja na bado alipanda juu ya meza kubadili taa. Wananitania, usiseme. "Ragnfrid, hiyo sufu yako iliyolowa ikikauka si itabana?" Ndivyo wanavyoiita bendi yenu, Sufu Iliyolowa, jina lenu lilivyo. Lakini wanakuja. Kisiwa kina watu mia na arobaini, na themanini wameandika majina yao.

Na juu ya kelele, ondoa wasiwasi. Nimelishughulikia mwenyewe. Sisemi zaidi, utajionea.

Ragnfrid


Bergen, 15 Juni 1996

Ragnfrid,

Asante kwa siku ile, kama ilivyo ada. Asante kwa supu na vitanda tusivyovilalia. Naomba radhi tuliondoka bila kuaga. Tuliwahi feri ya saa mbili.

Nimejaribu kukuandikia kwa upole na nimeshindwa, basi nitasema tu. Nilipanda jukwaani saa kumi na mbili, jua bado linapiga madirishani, ninawaona wote vizuri. Watu themanini, hakuna mwenye kiatu. Viatu vimepangwa mlangoni, wao wamekaa na soksi za sufu, mikono juu ya mapaja. Wimbo wa kwanza ukaisha, hakuna kofi hata moja. Nikadhani hawajajua kama umeisha. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Mzee mmoja mstari wa mbele alikuwa amefumba macho, nafikiri alisinzia. Mama mmoja alishikwa na kikohozi, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Synnøve akawasalimia kwa kipaza sauti, akasema mzaha wake wa feri ambao unachekwa kila mahali. Wapi! Hakuna aliyenyanyua hata mdomo.

Nikajua wamekuja kwa heshima yako. Wameandika majina, wamekuja, wanavumilia. Wimbo wa tisa ulipoisha nilisubiri. Nikahesabu mpaka ishirini. Kisha nikaweka gitaa chini nikatokea mlango wa nyuma, na wenzangu wakanifuata.

Oslo walipiga soga, lakini apigaye soga hajakukataa, hajakusikia tu. Kwenu walinisikia neno kwa neno, wakanikataa. Sina pa kujificha tena. Nimewaambia kampuni yetu kwamba santuri ya pili isitoke. Studio ni ndogo na kanda ni ghali, kwa hiyo wataitunza mpaka tarehe mosi Septemba, kisha watarekodi wengine juu yake. Mimi narudi Sogn kwa baba, kuna kondoo.

Nakuandikia wewe kwa sababu nilikuona. Ulikuwa umesimama kando ya mlango unafuta machozi. Mtu mmoja alielewa, na ninakushukuru.

Gaute


Skarvøya, 23 Juni 1996

Gaute,

Usiifute. Tafadhali, kwanza kabisa, usiifute.

Hii ni mara ya tatu naandika barua hii, mbili nimeziweka kando. Sikiliza. Kosa si lako. Watu wa hapa hawajui muziki. Ni watu wa samaki na bei ya dizeli. Wapigie kodiani ya kuchezea dansi Jumamosi, hapo utawaona wanachangamka, lakini kitu kama chenu kinawapita juu ya kichwa. Målfrid hajui tofauti ya gitaa na msumeno. Nimeishi nao maisha yangu yote, na muziki wangu nimeusikiliza peke yangu, ndani ya kofia, kwa sababu hiyohiyo. Nilipaswa kukuonya mapema. Niliwaombea sana moyoni, nikidhani labda safari hii wataamka.

Zile nyimbo tisa ni kitu kikubwa kuliko chochote nilichosikia tangu Grå Mandag. Wa saba, pale mnapoimba wawili wewe na Synnøve, nilisahau kwamba niko ukumbini. Usiwaache watu wasiojua wakuamulie. Sikiliza anayejua.

Ragnfrid


Fimreite, Sogn, 10 Julai 1996

Ragnfrid,

Barua yako imenifuata huku kwa baba. Asante kwa kuniambia ukweli, najua haikuwa rahisi kuwasema watu wa kwenu.

Nitakwambia ilichonifanyia. Mpaka nilipoisoma bado nilikuwa na tumaini dogo kwamba huenda sikuwaelewa, huenda wa kaskazini ndivyo walivyo. Sasa umethibitisha. Ikiwa wewe unayekaa nao unasema hawakusikia kitu, basi nyimbo zangu zinawafaa watu wawili, wewe na mimi, na kwa watu wawili hakuna haja ya kutoa santuri. Usilie. Afadhali kujua.

Nilikuwa nimebaki na sweta ya Målfrid. Alinivisha kwa nguvu nilipofika, akasema ukumbi una baridi na mimi ni mwembamba. Nimemrudishia kwa posta na maneno mawili ya kumwomba radhi kwa jioni tuliyowaharibia.

Nyasi zimekauka vizuri mwaka huu. Baba hasemi, lakini amefurahi.

Gaute


Skarvøya, 4 Septemba 1996

Kijana Gaute,

Mimi si mtu wa barua. Naandika Krismasi na mtu akifa. Majira yote ya joto nilikuwa Harstad kwa dada yangu aliyepasuliwa nyonga, na sweta nimeikuta posta jana. Umeifua vizuri. Hukuwa na haja.

Lakini hicho kikaratasi chako sikukielewa, nikasema leo nikae nikuulize. Unaomba radhi ya nini? Unasema mlituharibia jioni. Nani kakwambia?

Sisi tulifanya tulivyoagizwa. Wiki tatu kabla hamjaja, Ragnfrid alituita ukumbini, akatusomea gazeti lako, jinsi walivyokutenda Oslo. Akasema huyu kijana ana kidonda, asiguswe. Tangazo likabandikwa mlangoni na jingine likaingia kwenye kila mkoba wa shule. Kimya kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Viatu vivuliwe, mbao za sakafu zinalia. Kahawa baadaye, vikombe vinagongana. Akagawa peremende za koo. Mimi ndiye niliyemwuliza, "Na makofi je?" Akasema, "Hata makofi, Målfrid. Nyimbo zao zimeshikana mikono, ukipiga kofi unazikata. Tutapiga mwisho, yote kwa pamoja." Na bibiye wa besi aliposema ule mzaha wa feri nilijiuma shavu mpaka damu.

Basi tukangoja mwisho. Ulipoweka gitaa chini ukatoka, tukasema amekwenda kunywa maji. Tukakaa. Dakika kumi tumekaa. Mzee Aslak alikuwa mstari wa mbele amefumba macho, analia, na Aslak hajalia mbele za watu tangu mashua yake ilipozama. Halafu tukasikia honi ya feri. Hapo ndipo akili zikatuingia. Tukapiga makofi, haki ya Mungu tulipiga, watu wakasimama juu ya viti, mpaka mikono ikawaka moto, na jukwaani hakuna mtu. Ragnfrid alikimbia hadi gatini na soksi zake. Alikuta feri imeshaondoka.

Baadaye alituambia umemwandikia, kwamba ulifurahi sana, ila una haya. Tukaridhika. Sasa hiki kikaratasi kimenichanganya. Niandikie.

Målfrid Nordeng


Fimreite, 11 Septemba 1996

Ragnfrid,

Barua ya Målfrid nimeisoma jikoni nikiwa nimesimama. Nikapiga simu studio palepale. Kanda ilifutwa Jumatatu, tarehe mbili. Wamerekodi bendi ya tarumbeta ya shule juu yake.

Tangazo sikuulizi. Ulilifanya kwa ajili yangu, na ningejua ningecheka. Ninauliza barua yako ya Juni. Ulikuwa na ukweli wote mkononi, na kanda ilikuwa bado ipo. Kwa nini?

Gaute


Skarvøya, 29 Septemba 1996

Gaute,

Umeuliza kwa nini, na nimekaa na swali lako wiki mbili. Jibu ni dogo na la aibu.

Kisiwani hapa mimi ndiye ninayejua muziki. Wengine wana mashua, wana wajukuu, Målfrid ana ukumbi. Mimi nina hilo. Wananicheka, lakini mtoto akitaka kujua bendi inatoka wapi anatumwa kwangu. Siku ile, kuanzia wimbo wa pili nilikuona usoni, nikajua kosa ni langu. Ningeweza kupiga kofi moja. Moja tu, wote wangefuata. Lakini nilikuwa nimewaambia watu themanini kwamba ninajua, na nikaona haya kuonekana sijui. Ndiyo maana nilikuwa nalia pale mlangoni. Halafu ukaniandikia kwamba mimi peke yangu nilielewa. Ilikuwa tamu, Gaute. Nikaimeza. Na ili niimeze nikawapaka matope watu waliovua viatu vyao kwa sababu niliwaomba.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na nyimbo tisa zimekufa.

Jana ulikuwa msaragambo wa vuli. Tulipanga kuni, tukaziba nyufa za madirisha. Wakati wa kahawa nilisimama. Nilikuwa bado nimetunza ile rasimu ya Juni, nikaisoma yote kwa sauti, neno kwa neno, watu wa samaki na bei ya dizeli, Målfrid na msumeno, yote. Kisha nikawaambia kilichoipata kanda yako.

Hakuna aliyesema kitu. Niliwatazama. Nyuso zile nimezijua tangu utotoni, na sikuweza kuisoma hata moja. Nikaanza kuhesabu kama ulivyofanya wewe. Wewe ulifika ishirini. Mimi nilifika kumi na moja nikakaa chini. Hatimaye Aslak akasema, "Msumeno nao una sauti, ukinolewa." Alitaka kunisaidia, maskini. Hakuna aliyecheka. Målfrid akaanza kukusanya vikombe, changu akakiacha.

Kamati nimeivunja. Waya nimeutoa kwenye kofia. Siwezi kusikiliza, kila gitaa linaniuliza swali lako. Nafunga samaki katika utulivu kama wenzangu, na kumbe siku ni ndefu sana kiwandani, sikuwa nimejua.

Sikuombi unisamehe. Nilitaka tu kwamba safari hii barua yangu iwe ya kweli.

Ragnfrid


Fimreite, 3 Novemba 1996

Målfrid,

Samahani nimekawia kukujibu. Ragnfrid alinieleza yote mwishoni mwa Septemba. Nilikasirika hadi theluji ya kwanza ilipoanguka, hasira ya kweli, ya kupasulia kuni. Kuni za baba sasa zinatosha miaka miwili.

Kisha magogo ya kupasua yakaisha na nikalazimika kufikiri. Nilikuwa na watu themanini mbele yangu, na feri ilikuwa na robo saa nzima. Ningeweza kuuliza, "Vipi, hamkupenda?" Mdomo nilikuwa nao na kipaza sauti kilikuwa mbele yake. Oslo niliwakimbia walioongea, kwenu nikawakimbia walionyamaza. Synnøve anasema pengine tatizo ni miguu yangu. Yeye Ragnfrid aliona haya kupiga kofi, mimi niliona haya kuuliza. Sioni aliyemzidi mwenzake, ila yeye amesimama mbele za watu akasema, na mimi bado.

Nyimbo zote tisa ninazo kichwani. Synnøve anakumbuka nane. Tarjei anasema ngoma zake hajawahi kuzipiga mara mbili kwa namna moja, kwa hiyo kwake hakuna kilichopotea, na anauliza kama vafler bado zipo. Studio hatuna fedha ya kuilipa tena. Tunaweza kuazima mashine ya kurekodia. Tunaomba ukumbi wenu wiki mbili za Februari, na tunaomba watu waingie na kutoka wanavyotaka, wafume, wanywe kahawa, waseme. Nimechoka kuwaogopa watu.

La mwisho. Tunahitaji mtu wa kukaa kwenye mashine na vikombe vya masikioni, atuambie wimbo umeharibika wapi. Tumekubaliana sote watatu kwamba ni yeye, hatumtaki mwingine. Nimeanza kumwandikia mara nne na kila mara maneno yanatoka makali au yanatoka matamu mno. Basi nakuomba wewe umwambie. Sijui mko vipi naye sasa.

Gaute


Skarvøya, 17 Novemba 1996

Gaute,

Ukumbi ni wenu kuanzia tarehe tatu Februari mpaka kumi na saba. Tarehe nane kuna karamu ya ubatizo, mtatupisha saa nne asubuhi hadi saa nane, na mtakula keki kama wengine. Zamu za kahawa nimezibandika dukani na zimejaa kabla sijaweka peni mfukoni. Aslak ameuliza kama anaruhusiwa kuja kila siku. Nimemwambia ukumbi ni wa watu wote.

Umeuliza tuko vipi na Ragnfrid. Nakwambia bila kupamba. Wiki tatu nilimpita dukani bila salamu. Neno la msumeno lilinichoma, maana mimi niliupenda muziki wenu na sikuwa na wa kumwambia. Halafu jioni moja akabisha hodi kwangu, akasimama nje, hakutaka kuingia. Akaniomba ufunguo. Nikamwuliza, "Wa nini?" Akasema, "Dari ya ukumbi inabambuka." Nikasema, "Msaragambo ni Mei." Akasema, "Najua." Tukatazamana, watu wazima wawili kwenye baridi. Ufunguo huo nimeushika miaka ishirini na mitano na sijawahi kumwachia mtu. Nikampa.

Tangu hapo kila siku akitoka kiwandani anakuja kupaka dari, peke yake. Mwanzo nilikuja kuhakikisha hachafui sakafu. Sasa naja na chupa ya kahawa na vikombe viwili. Hatuzungumzi sana. Jana nilimwambia redio ya ukumbi inafanya kazi, anaweza kuiwasha. Akasema hapana, asante.

Ninakuandikia nikiwa hapahapa, kwenye kiti cha mstari wa mbele, barua yako iko mapajani. Yeye yuko juu kabisa, brashi mkononi, rangi nyeupe imemjaa nywele, na hajui kama umeandika. Nitamwambia akishashuka. Ngazi hii ni mbovu na Ragnfrid namjua. Nikimwambia sasa hivi, ataanguka.

Målfrid